Kuvu za udongoni na wanyama wa malisho washika hatima ya nchi za Kaskazini

KUPANDA mti ni jambo jema, na watu wengi huamini kwamba kila mti unaopandwa hupunguza hewa ya ukaa iliyomo angani. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Stirling na Taasisi ya James Hutton, huko Scotland, ulionyesha kwamba katika nchi za baridi imani hiyo haifai kupokewa bila kupimwa.

Watafiti hao walichunguza nyanda za vichaka vifupi ambako miti ya birchi na misonobari ilikuwa imepandwa, mingine miaka 12 na mingine miaka 39 kabla ya vipimo kuchukuliwa. Miti ilikuwa imestawi. Hata hivyo, katika baadhi ya maeneo udongo chini ya birchi za miaka 12 ulikutwa na kaboni kidogo kuliko udongo wa jirani usiopandwa kitu. Hata baada ya miaka 39, kaboni iliyokuwa imehifadhiwa katika mashina na matawi ilifidia tu ile iliyotoka ardhini. Ukijumlisha yote, faida haikuonekana.

Swali lililofuata lilikuwa ni nini hasa kilichoitoa kaboni hiyo udongoni. Jibu linayahusu makundi mawili ya viumbe ambayo ni nadra kutajwa katika mikutano ya hali ya hewa: kuvu zinazoishi udongoni pamoja na mizizi ya mimea, na wanyama wanaokula mimea hiyo.

Kuvu huamua rutuba na kaboni vikae wapi na kwa muda gani. Wanyama nao huamua ni mimea ipi itakayosalia na, kwa njia hiyo, ni kuvu zipi zitakazotawala. Anayetaka kujua mustakabali wa nchi za Kaskazini hana budi kuyatazama makundi yote mawili kwa pamoja.

Ghala lililoganda

Nchi zinazozungumziwa hapa ni ukanda mpana unaoizunguka sehemu ya juu ya dunia, kuanzia Scotland na Skandinavia, kupitia Siberia nchini Urusi, hadi Alaska, Canada na Greenland. Upande wa kusini wa ukanda huo kuna misitu mikubwa ya misonobari na birchi iitwayo taiga. Kaskazini yake kuna tundra, nchi isiyo na miti mirefu, yenye nyasi, vichaka visivyozidi magoti na mimea laini inayoifunika ardhi kama zulia.

Kwa kuwa baridi ni kali na majira ya joto ni mafupi, majani na mizizi inayokufa huko haiozi upesi. Katika nchi za joto jani likianguka huweza kugeuka udongo katika muda wa miezi michache. Kaskazini, mabaki ya mimea hurundikana tabaka juu ya tabaka kwa karne nyingi, na katika maeneo makubwa udongo wa chini haujapata kuyeyuka tangu zama za barafu.

Wanasayansi wanakadiria kwamba udongo wa maeneo hayo yaliyoganda una kaboni ipatayo tani bilioni 1,500, takriban mara mbili ya kaboni yote iliyomo hewani. Ghala hilo likifunguka, hewa ya ukaa na gesi ya methani zitapanda angani, na joto litakaloongezeka halitaishia Siberia wala Alaska. Ndiyo maana mambo ya udongo wa mbali namna hiyo yanamhusu hata mkazi wa mji ulio karibu na ikweta.

Biashara ya chini kwa chini

Wengi huijua kuvu kwa uyoga wake. Lakini uyoga kwa kuvu ni kama embe kwa mwembe: ni tunda tu. Kiumbe chenyewe ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazotambaa gizani kati ya chembe za udongo, na nyingi kati ya hizo zimeungana na mizizi ya mimea.

Mwaka 1885 mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank, alieleza muungano huo kwa mara ya kwanza kwa jina linalotumika hadi leo. Serikali ya Prussia ilikuwa imempa kazi ya kuchunguza namna ya kuotesha uyoga wa thamani unaozaa chini ya ardhi. Katika kuchimba kwake aliona kwamba mizizi ya miti ya msituni imevikwa kuvu, na kwamba miti hiyo haikuwa na dalili yoyote ya ugonjwa. Aliuita muungano huo mikoriza, jina lililoundwa kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya kuvu na mzizi.

Kwa ufupi, mikoriza ni biashara. Mmea hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua na kuipa kuvu sehemu yake. Kuvu, ambayo nyuzi zake hupenya mahali ambapo mzizi hauwezi kufika, humletea mmea maji, naitrojeni na fosforasi. Kaskazini, ambako naitrojeni nyingi imefungwa ndani ya mabaki yasiyooza, mti usiokuwa na mshirika wa aina hiyo hauwezi kustawi.

Ukubwa wa biashara hiyo unashangaza. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba mimea ya dunia nzima huzipa kuvu za mikoriza, kila mwaka, kaboni iliyo sawa na tani bilioni 13 hivi za hewa ya ukaa. Kiasi hicho ni kama asilimia 36 ya hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma mafuta, makaa ya mawe na gesi kwa mwaka. Si yote inayobaki udongoni, kwani sehemu yake hurudi hewani, lakini inaonyesha jinsi mlango huo ulivyo mpana.

Makundi matatu, tabia tatu

Kuvu za mikoriza hazifanani. Katika nchi za Kaskazini kuna makundi matatu makubwa, na tofauti kati yao ndiyo inayoleta mvutano wote.

Kundi la kwanza hushirikiana na miti kama misonobari na birchi. Nyuzi zake huuvika mzizi kama soksi, kisha husambaa mbali. Baadhi ya kuvu za kundi hili zina vimeng'enya vikali vinavyoweza kuvunja mabaki magumu ili kuchukua naitrojeni iliyomo. Zinapofanya hivyo, kaboni iliyokuwa imelala kwa miaka mingi huachiliwa.

Kundi la pili hushirikiana na vichaka vifupi vyenye majani madogo magumu, vile vinavyofunika nyanda za Scotland na sehemu kubwa ya tundra ya Skandinavia. Nyuzi zake zikifa huacha mabaki meusi yasiyooza kwa urahisi. Kundi hili, kwa hiyo, ni mweka akiba.

Kundi la tatu hushirikiana na nyasi na mimea mingi midogo ya maua. Kuvu za kundi hili huingia ndani kabisa ya chembe hai za mzizi. Ni hodari wa kukusanya fosforasi, lakini hazina uwezo mkubwa wa kuvunja mabaki magumu. Huacha kazi hiyo kwa bakteria na viumbe wengine wa udongoni. Mahali zinapotawala, rutuba huzunguka haraka.

Uzito wa tofauti hizo ulianza kuonekana wazi katika miaka ya 2010. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Karina Clemmensen wa Sweden walitoa matokeo ya uchunguzi wa visiwa 30 vilivyomo katika maziwa mawili ya kaskazini mwa nchi hiyo. Walikuta kwamba kati ya asilimia 50 na 70 ya kaboni iliyohifadhiwa udongoni ilitokana na mizizi na kuvu zake, si majani yaliyoanguka kutoka juu kama ilivyodhaniwa hapo awali. Mwaka uliofuata uchambuzi mwingine, ukiongozwa na Colin Averill wa Marekani, ulionyesha kwamba udongo unaotawaliwa na makundi mawili ya kwanza huhifadhi kaboni zaidi kwa asilimia 70, kwa kila kipimo cha naitrojeni, kuliko udongo wa kundi la tatu.

Hata hivyo, ndani ya kundi moja pia mna watunzaji na wabomoaji. Mwaka 2021 watafiti wa Sweden walieleza kwamba katika misitu ya misonobari ya nchi hiyo, pale ilipokuwapo jamii fulani ya kuvu yenye vimeng'enya vikali, tabaka la juu la udongo lilikuwa na kaboni pungufu kwa takriban theluthi moja.

Hapo ndipo kitendawili cha Scotland kinapoteguka. Mti wa birchi unapopandwa katikati ya vichaka, hauji peke yake. Huja na kuvu zake, na kuvu hizo zina njaa ya naitrojeni iliyokusanywa na vichaka kwa muda mrefu. Hali kama hiyo ilikwisha kuonekana Abisko, kaskazini mwa Sweden: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba msitu wa birchi, pamoja na mashina yake yote, ulikuwa na kaboni ndogo kwa jumla kuliko tundra iliyopakana nao, kwa sababu udongo wa msitu ulikuwa maskini zaidi.

Mdomo, kwato na mbolea

Ikiwa mmea huja na kuvu zake, basi kiumbe anayeamua ni mmea gani ukue ana sauti kubwa hata chini ya ardhi. Katika nchi za Kaskazini kiumbe huyo ni mnyama wa malisho.

Mkuu kati yao ni reindia, mnyama wa jamii ya kulungu mwenye manyoya mazito na kwato pana zinazomwezesha kutembea juu ya theluji na matope. Ulaya na Siberia wengi wao hufugwa na kuhamishwa kwa majira na wafugaji kama Wasami wa Skandinavia na Wanenet wa rasi ya Yamal nchini Urusi. Amerika Kaskazini huishi porini kwa makundi makubwa yanayosafiri mamia ya kilomita.

Mnyama huyu huugusa udongo kwa njia tatu: kwa mdomo, kwa kwato na kwa kinyesi. Anakula majani laini ya vichaka na miche ya miti, anavunja na kukanyaga mimea inayofanya zulia, na anarudisha naitrojeni ardhini ikiwa tayari kutumika.

Mfano mzuri uko Raisduoddar, kaskazini mwa Norway, ambako uzio uliowekwa katika miaka ya 1960 hutenganisha malisho ya nyakati tofauti za mwaka. Karibu na uzio huo, upande ambao wanyama hukusanyika kwa wingi, vichaka vimetoweka na nyasi zimechukua nafasi yake. Hatua chache tu upande wa pili, ambako wanyama hupita upesi, vichaka na zulia la mimea laini vingalipo. Udongo ni ule ule na mvua ni ile ile. Kilichotofautiana ni idadi ya kwato.

Mabadiliko hayo hayaishii juu. Vichaka vikiondoka, kuvu za kundi la pili hukosa mwenyeji, na nyasi zinapoingia huja na kuvu za kundi la tatu. Rutuba iliyokuwa imefungwa huanza kuzunguka. Utafiti uliofanywa katika eneo hilo na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba joto lilipoongezwa kwa majaribio, upande uliolishwa kidogo ulipunguza uwezo wake wa kuvuta hewa ya ukaa, ilhali upande uliolishwa sana haukuathirika namna hiyo.

Ushahidi mwingine umetoka Alaska. Mwaka 1997 watafiti walieleza matokeo ya kuwazuia kwa uzio wanyama wakubwa wa jamii ya kulungu na sungura wa thelujini wasifikie vichaka vya kandokando ya mto. Mimea iliyokuwa ikitafunwa majira ya baridi ilikuwa na mikoriza pungufu katika mizizi yake kuliko ile iliyolindwa. Sababu si ngumu kuielewa. Mmea uliopoteza matawi hutumia sukari yake kuchipua upya, na mshirika wa chini ya ardhi hupunguziwa mgawo.

Katika kisiwa cha Isle Royale, ndani ya Ziwa Superior nchini Marekani, hali ilichukua sura nyingine. Kulungu wakubwa wa huko hupenda miti yenye majani mapana na kuiacha miti ya jamii ya misonobari isiyo na ladha kwao. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 1993, vikilinganisha maeneo yaliyozungushiwa uzio tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 na yale yaliyoachwa wazi, vilionyesha kwamba mahali wanyama walipochagua hivyo udongo ulipungua rutuba, kwa kuwa majani magumu ya miti iliyosalia huoza polepole. Reindia wa Norway waliharakisha mzunguko wa rutuba. Kulungu wa Isle Royale waliupunguza kasi. Kinachoamua ni mmea gani unaliwa na upi unaachwa.

Mnyama anayekula kuvu

Uhusiano huo una njia nyingine iliyo fupi zaidi: mnyama kula kuvu yenyewe. Mwishoni mwa majira ya joto reindia huacha majani na kutafuta uyoga, chakula chenye protini nyingi wakati wanapojiandaa kwa baridi. Wafugaji wanajua kwamba katika miaka ya uyoga mwingi wanyama hutawanyika na huwa vigumu kuwakusanya, ingawa hurudi wamenenepa. Mbegu ndogo za kuvu hupita tumboni na kutua mahali pengine pamoja na samadi.

Ukweli wa jambo hilo ulithibitika kwa njia ya huzuni. Mtambo wa nyuklia wa Chernobyl ulipolipuka mwaka 1986, mvua ilidondosha sizimu yenye mionzi juu ya sehemu za Norway na Sweden. Kuvu huikusanya sizimu hiyo kwa urahisi, na nyama ya reindia ikachafuka kiasi cha kutupwa kwa wingi. Miaka 28 baadaye, mwaka 2014, majira ya uyoga yalikuwa mazuri kupita kawaida nchini Norway, na vipimo vya mionzi katika reindia wa baadhi ya maeneo vikapanda tena.

Majira ya baridi chakula chao kikuu ni kuvumwani, kiumbe kinachotokana na kuvu na mwani kuishi kama mwili mmoja. Kuvumwani hukua milimita chache tu kwa mwaka. Reindia huinusa chini ya theluji na kuifukua kwa kwato. Kwa kuwa hukua polepole hivyo, ikimalizwa huchukua miongo mingi kurudi.

Kisiwa cha St. Matthew, katika Bahari ya Bering, ni onyo lisilosahaulika. Mwaka 1944 Walinzi wa Pwani wa Marekani walipeleka huko reindia 29 ili wawe chakula cha akiba kwa askari. Vita vikaisha, watu wakaondoka, wanyama wakabaki bila mwindaji wala mbwa mwitu. Kufikia mwaka 1963 walikuwa kama 6,000 na kuvumwani ilikuwa imekwisha. Baada ya majira ya baridi kali yaliyofuata, hesabu ya mwaka 1966 iliwakuta 42 tu, na baadaye hata hao wakatoweka.

Wakati pia una uzito. Kwenye mpaka wa Norway na Finland, uliowekewa uzio katika miaka ya 1950, upande wa Norway ambao hulishwa majira ya baridi tu una kuvumwani tele, hata weupe wake unaonekana kwenye picha za setilaiti. Upande wa Finland, ambako wanyama waliingia hata wakati wa joto na kuikanyaga ikiwa kavu, ni wa rangi nyeusi zaidi.

Wanyama wakiondoka

Kama wanyama wengi kupita kiasi ni balaa, kutokuwapo kwao pia kuna gharama. Joto linapoongezeka Kaskazini, vichaka na miti midogo ya birchi husonga mbele kuelekea tundra. Majaribio ya Kangerlussuaq, magharibi mwa Greenland, ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008, yalionyesha kwamba katika maeneo yaliyopashwa joto na kufungiwa uzio vichaka viliongezeka sana. Pale ambapo wanyama waliruhusiwa kuingia, ongezeko hilo lilidhibitiwa.

Vichaka hivyo huleta mambo mawili. Kwanza, huingia na kuvu zinazoweza kuifukua akiba ya zamani. Pili, majani na matawi yake meusi hufyonza miali ya jua ambayo ingerudishwa angani na ardhi iliyo wazi au yenye nyasi fupi. Vipimo vya Raisduoddar vilivyochapishwa mwaka 2016 vilithibitisha kwamba malisho mazito hupunguza vichaka na kuifanya ardhi irudishe mwanga zaidi.

Lakini wanyama wenyewe wanapungua. Tathmini ya mwaka 2018 ilieleza kwamba reindia wa porini na jamaa zao wa Amerika Kaskazini walikuwa wamepungua kutoka milioni 4.7 hadi milioni 2.1 katika muda wa miongo miwili. Mvua inayonyesha juu ya theluji ni miongoni mwa hatari zinazowakabili, kwani huganda na kuifunika kuvumwani kwa barafu isiyovunjika kwa kwato. Mvua ya aina hiyo mwezi Novemba 2013 iliua reindia 61,000 katika rasi ya Yamal, na familia nyingi za wafugaji zikapoteza mali yao yote.

Kuna waliopendekeza kuwarudisha wanyama kwa makusudi. Mwanasayansi wa Urusi, Sergey Zimov, alianzisha mwaka 1996 hifadhi karibu na mji wa Chersky, katika Yakutia, na kuweka humo farasi, reindia, baisani na wengineo. Hoja yake ni kwamba katika zama za barafu nchi hiyo ilikuwa mbuga ya nyasi iliyojaa mamathi na farasi, na kwamba kutoweka kwa makundi hayo ndiko kulikoigeuza kuwa nchi ya vichaka na misitu.

Aidha, theluji nene ni kama blanketi: huizuia baridi isiingie ardhini. Wanyama wakiifukua na kuikanyaga, baridi hupenya na ardhi hubaki imeganda. Hesabu za kompyuta zilizochapishwa mwaka 2020, ambazo Zimov alishiriki, zilikadiria kwamba ikiwa dunia haitapunguza gesi zake, udongo ulioganda utaongezeka joto kwa nyuzi 3.8 kufikia mwisho wa karne. Wanyama wakiwa wengi ongezeko lingekuwa nyuzi 2.1. Hizo ni hesabu za hali ambayo haipo. Kuijaza Siberia na Alaska wanyama wa kutosha ni kazi ambayo hakuna nchi iliyoianza.

Wazo kwamba wanyama wa malisho huathiri kaboni ya nchi nzima si geni Afrika Mashariki. Baada ya ugonjwa wa sotoka kudhibitiwa kwa chanjo ya ng'ombe, nyumbu wa Serengeti waliongezeka kutoka chini ya 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Nyasi zilizokuwa zikiteketea kwa moto zikaliwa, moto ukapungua, miti ikaongezeka. Wanaotetea kurudishwa kwa wanyama Kaskazini mara nyingi huutaja mfano huo, ingawa Serengeti haina theluji wala udongo ulioganda.

Tahadhari na wajibu

Sayansi hii ingali changa, na baadhi ya madai yake yamevuka mipaka ya ushahidi. Mwaka 1997 Suzanne Simard wa Canada alionyesha kwamba kaboni inaweza kupita kutoka mti hadi mti mwingine katika misitu ya British Columbia. Matokeo hayo yalikuzwa na vyombo vya habari hadi ikaonekana kana kwamba miti husemezana na kuleana kupitia kuvu. Uchambuzi wa wanasayansi watatu uliochapishwa mwaka 2023 ulionya kwamba mengi ya maelezo hayo hayajathibitishwa msituni.

Kilicho wazi ni kwamba Kaskazini haitoi amri moja kwa mahali pote. Mti unaofaa kwenye shamba lililochoka unaweza kuwa hasara kwenye uwanda wa vichaka. Kundi la reindia linaloilinda tundra mahali pamoja linaweza kuimaliza kuvumwani mahali pengine, ikiwa ni wengi mno au wamekuja wakati usiofaa. Wafugaji wa Kisami, ambao kwa vizazi vingi wamehamisha mifugo kwa kufuata majira, walikwisha kuwa na kanuni hiyo kabla haijaandikwa katika majarida.

Kwa serikali na makampuni yanayouza hati za kaboni kwa kuhesabu miche iliyopandwa, somo ni la gharama. Mradi unaopima shina na kuuacha udongo bila kupimwa unaweza kulipwa kwa kaboni ambayo haikuokolewa kamwe. Na uamuzi wa kufunga uzio au kuondoa mifugo ni uamuzi juu ya kuvu pia, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo.

Vipimo vya udongo huchukua muda, na matokeo yake huenda yakaonekana baada ya miaka 12, au 39. Lakini waliosema mtaka cha mvunguni sharti ainame hawakukosea. Akiba kubwa ya Kaskazini iko chini, na haiwezi kulindwa na wanaotazama juu peke yake.